Kerneli Ikipaniki, Kori Zikiganda: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Seva Kigoma

Seva ikiganda mchana wa joto pale Mwanga, aliye karibu nayo hubonyeza kitufe na kuiwasha upya. Inawaka, watu wanaendelea na kazi, na ushahidi wote umepotea. Keshokutwa inaganda tena, na fundi anaitwa kutafuta kosa ambalo halikuacha hata alama.

Mwongozo huu ni wa fundi huyo. Nimewalenga wanaohudumia seva za shule, zahanati, vyama vya ushirika na ofisi za mizigo hapa Kigoma. Nyingi ni mashine za mtumba zenye prosesa mbili na kori (viini vya kazi ndani ya prosesa) nane, kumi na mbili au zaidi, na zinaendeshwa kwa Debian au Ubuntu. Mwishoni nina maneno machache kwa wanaotumia FreeBSD. Amri nyingi zinahitaji mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Kuna mambo mawili nitakayoyashikilia hadi mwisho: hifadhi maneno ya mwisho ya mashine kabla hujagusa kitu, na ukianza kugusa, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha RAM, kusasisha kerneli (moyo wa mfumo endeshi) na kupaka pesti mpya ya kupoza prosesa siku hiyohiyo anaweza kuiponya mashine, lakini hatajua kilichoiponya. Ikirudia, anaanza upya.

Iandae mashine kabla haijaanguka

Kazi hii ifanye leo, seva ikiwa nzima. Kwanza hakikisha logi (rekodi za matukio) za kerneli zinabaki hata baada ya kuwasha upya. Kama folda ya /var/log/journal haipo, journald, programu inayotunza logi, huandika kwenye RAM tu, na umeme ukikatika kila kitu kinafutika.

`mkdir -p /var/log/journal`
`systemctl restart systemd-journald`
`journalctl --flush`

Ukishawasha upya mara moja, `journalctl --list-boots` itakuonyesha uwashaji zaidi ya mmoja, na `journalctl -k -b -1` itakupa logi ya kerneli ya uwashaji uliopita. Amri hii ya pili ishike kichwani, utaitumia kuliko nyingine zote.

Hata hivyo, logi ya kwenye diski haitoshi. Kerneli ikipaniki, yaani ikikutana na kosa isiloweza kulivuka na kusimama, huacha kuandika kwenye diski kwa sababu haiamini tena kumbukumbu zake, na mistari ya mwisho, ambayo ndiyo ya maana, huishia kwenye skrini. Kwa hiyo fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli, ondoa neno `quiet` kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, weka `consoleblank=0` ili skrini isijizime, kisha endesha `update-grub`. Seva ikae kwenye skrini ya maandishi, maana dawati la picha hufunika ujumbe wa paniki.

Kama kuna kompyuta nyingine kwenye mtandao huohuo wa kebo, tumia netconsole. Hii huzituma jumbe za kerneli moja kwa moja kupitia mtandao (kwa UDP) bila kupitia diski:

`dmesg -n 8`
`modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.10/enp3s0,6666@192.168.1.20/`

Anwani ya kwanza ni ya seva, `enp3s0` ni jina la kadi yake ya mtandao, na anwani ya pili ni ya kompyuta inayopokea. Kwenye hiyo ya pili endesha `nc -u -l 6666` na uelekeze matokeo kwenye faili. Tumia kebo, usitegemee Wi-Fi. Kwangu mimi hii ndiyo zana yenye faida kubwa kuliko zote kwa seva iliyofungiwa kwenye chumba ambacho hakuna mtu anayekaa.

Zana kamili zaidi ni kdump. Sakinisha `kdump-tools`, washa upya, kisha angalia `cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded`. Ikijibu 1, kerneli ya akiba iko tayari kuamka paniki ikitokea na kuhifadhi picha ya RAM ndani ya /var/crash. Ijaribu jioni watumiaji wakishaondoka na data zikiwa zimenakiliwa: `echo c > /proc/sysrq-trigger` huiangusha mashine makusudi. Kdump ambayo haijajaribiwa usiitegemee.

Mwisho, weka mistari hii kwenye /etc/sysctl.d/90-kerneli.conf:

`kernel.sysrq = 1`
`kernel.nmi_watchdog = 1`

Kdump ikishafanya kazi, ongeza `kernel.softlockup_panic = 1` na `kernel.hardlockup_panic = 1`, ili kori ikiganda mashine ipaniki na kuacha picha badala ya kuning'inia. Kama hujafika huko, usiweke `kernel.panic = 10`. Mpangilio huo huiwasha seva upya baada ya sekunde kumi na kukufutia skrini uliyokuwa unaihitaji.

Dakika za kwanza baada ya kuganda

Mara nyingi habari inakufikia kwa simu.

"Fundi, shikamoo. Mashine imegoma tena."
"Marahaba. Usiizime kwanza. Skrini ina maandishi?"
"Yapo, mengi, meupe."
"Yapige picha, yasomeke hadi mstari wa juu kabisa. Halafu bonyeza Caps Lock, uniambie kama taa inabadilika."

Taa ya Caps Lock ikiitikia, kerneli bado inashughulikia kibodi. Kwenye kibodi za PS/2, taa zinazowaka na kuzima zenyewe ni dalili ya paniki. Wakati huohuo ipigie `ping` kutoka kompyuta nyingine. Ping hujibiwa na kerneli yenyewe, kwa hiyo seva inayojibu ping lakini haikubali SSH (kuingia kwa mbali) haijafa: programu zake zimekwama, na mara nyingi zinasubiri diski. Usiikimbilie prosesa hapo, angalia diski na kebo zake.

Kama kibodi bado inasikika, shika Alt na Print Screen, kisha bonyeza herufi `l`. Kerneli itaonyesha kila kori inafanya nini dakika hiyo. Herufi `w` huorodhesha kazi zilizokwama. Piga picha. Baada ya hapo tu bonyeza, kwa utaratibu, `s` ya kumalizia kuandika data, `u` ya kufanya diski zisomwe bila kuandikwa, na `b` ya kuwasha upya. Hii ni salama zaidi kwa faili kuliko kuchomoa waya.

Kuusoma ujumbe

Huu ni mfano wa ujumbe unaoonekana sana:

`watchdog: BUG: soft lockup - CPU#5 stuck for 22s! [kworker/5:1:1834]`
`CPU: 5 PID: 1834 Comm: kworker/5:1 Tainted: G O`
`RIP: 0010:native_queued_spin_lock_slowpath`

Mstari wa kwanza unasema kori namba 5 imeshikiliwa na kazi moja kwa zaidi ya sekunde 20 bila kuachia nyingine. Wengi husoma hapo, wakaamua kori ya 5 ni mbovu. Soma mstari wa tatu. Kori ya 5 ilikuwa inazunguka ikisubiri kufuli (kinga inayozuia kori mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja), na kufuli hilo limeshikwa na kori nyingine. Kori ya 5 imeumizwa tu, mkosaji yuko kwingine. Ndiyo maana ile herufi `l` ina thamani: tafuta kori ambayo haisubiri kufuli, iliyozama ndani ya draiva (programu inayoendesha kifaa) au imenyamaza kabisa.

Herufi baada ya Tainted nazo zisome. P ni moduli (kipande kinachoongezwa kwenye kerneli) ya leseni ya kampuni, O ni moduli iliyojengwa nje ya kerneli, W ni onyo lililotangulia, na M ni hitilafu iliyoripotiwa na vifaa vyenyewe. Ukiona W, panda juu kwenye logi ulitafute onyo hilo. Kosa la kwanza ndilo la kuaminiwa, yanayofuata huwa matokeo yake.

Jumbe nyingine nitazipitia haraka. `hard LOCKUP` maana yake kori haipokei hata interapti (ishara za kuiita prosesa ihudumie kifaa) za kawaida: shuku draiva, BIOS au vifaa. `rcu_sched detected stalls` ni ndugu wa soft lockup. `blocked for more than 120 seconds` karibu kila mara ni diski au NFS (faili za mtandaoni). `Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` haihusiani na prosesa hata kidogo. Mara nyingi /boot ilijaa wakati wa kusasisha na initramfs, faili la kuanzishia kerneli, haikutengenezwa: chagua kerneli ya zamani kwenye GRUB, futa zisizotumika, kisha endesha `update-initramfs -u -k all` na `update-grub`.

`mce: [Hardware Error]` ni prosesa yenyewe inayokuambia kuna kosa kwenye vifaa. Sakinisha `rasdaemon`, iache ikusanye, kisha soma `ras-mc-ctl --errors`. Kwenye seva yenye IPMI (mfumo wa usimamizi uliojengwa kwenye madabodi, yaani ubao mkuu), `ipmitool sel elist` hutoa daftari linalotunzwa na madabodi, na halifutiki kwa kuzima.

Sasa kusanya matukio kama matatu, uandike kwenye karatasi namba ya kori na jina la faksheni (kipande cha programu kinachotajwa kwenye mstari wa RIP) kwa kila tukio. Ulinganisho huu huniongoza kuliko kitu kingine chochote. Kori ileile na faksheni tofauti tofauti: shuku kori hiyo. Kori tofauti na faksheni ileile: shuku draiva au kerneli. Kori tofauti, faksheni tofauti, hakuna mpangilio wowote: shuku RAM, umeme au joto.

Je, kori zote zipo?

Kabla ya kupima chochote, endesha `lscpu`. Angalia idadi ya soketi, idadi ya kori, na mstari wa NUMA (mgawanyo wa RAM kwa kila prosesa). Kisha tafuta `Brought up` ndani ya `dmesg`, ndipo kerneli inapotangaza kori ilizoziamsha.

Mashine ya soketi mbili kila prosesa ina nafasi zake za RAM. Prosesa ya pili isipoonekana, RAM yake nayo hutoweka: seva uliyoijua ina GB 64 ghafla inaonyesha 32. Hii hutokea sana kwa seva iliyosafiri kutoka Dar kwenye buti la basi. Zima, chomoa umeme, fungua, na kagua kama hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) imekaza pande zote nne na kama kila RAM imebofya pande zote mbili. Vidole vya RAM visafishe kwa kitambaa laini chenye spiriti, viache vikauke. Ukilazimika kuitoa prosesa, soketi ikague kwa tochi, maana pini moja iliyopinda inatosha kuzima njia nzima ya kumbukumbu.

Kama vifaa viko sawa lakini inaonekana kori moja tu, soma `cat /proc/cmdline`. Mara nyingi utakuta `acpi=off`, `nosmp` au `maxcpus=1` iliyosahauliwa na aliyesakinisha. Kwa `acpi=off`, kerneli haisomi jedwali linaloorodhesha kori nyingine, kwa hiyo inabaki na moja.

Jaribio la kori moja

Washa upya. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `maxcpus=1`, kisha Ctrl na X. Badiliko hili ni la uwashaji huo tu. Ikishawaka, thibitisha kwa `nproc`. Kama namba imezidi moja, kuna programu iliyoamsha kori nyingine: rudia kwa `nr_cpus=1`, ambayo haina mlango wa nyuma.

Wengi huandika `nosmp` kwa mazoea. Mimi naiweka ya pili, kwa sababu inabadilisha vitu viwili kwa pamoja: inazuia kori nyingine na pia inazima IO APIC, kifaa kinachogawa interapti. Tumia tofauti hiyo kama kipimo. Mashine ikitulia kwa `nosmp` lakini ikaendelea kuganda kwa `maxcpus=1`, shida iko kwenye njia ya interapti. Jaribu `noapic` peke yake, na utafute BIOS mpya ya madabodi hayo.

Ikitulia kwa `maxcpus=1`, usikate shauri bado. Kori moja inatoa joto kidogo na kuvuta umeme kidogo, kwa hiyo pawa saplai iliyochoka au feni iliyojaa vumbi nayo "hupona" kwa jaribio hili. Pia kori moja huzificha kasoro za draiva zinazotokea pale kori mbili zinapogusa data moja kwa wakati mmoja. Linux ilianza kuhimili prosesa nyingi kwenye toleo la 2.0 mwaka 1996 kwa kufuli moja kubwa la kerneli nzima, na kufuli hilo liliondolewa kabisa kwenye 2.6.39 mwaka 2011. Tangu hapo kila draiva inalinda data zake yenyewe, na moduli za nje ambazo hazitunzwi vizuri ndizo huanguka kwanza.

Kwa hiyo tenganisha. Rudisha kori zote, kisha ipe mzigo kori moja moja huku ukiangalia `dmesg -w` kwenye dirisha jingine:

`taskset -c 3 stress-ng --cpu 1 --verify -t 15m`

Pita kori zote. Kori moja ikitoa jibu lisilo sahihi au ikazaa mce, umempata. Zote zikipita peke yake lakini mashine ikaanguka zikifanya kazi pamoja, hamia kwenye joto na umeme.

Joto, umeme na RAM

Hapa ndipo seva nyingi za kwetu zinapoponea. Sakinisha `lm-sensors`, endesha `watch sensors` wakati wa mzigo, na ufanye hivyo saa nane mchana, si asubuhi chumba kikiwa bado kimepoa. Kwenye prosesa za Intel soma pia `/sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count`. Namba inayopanda ni ushahidi kwamba prosesa inajipunguzia kasi kwa joto. Vumbi jekundu la kiangazi huziba hitisinki kwa ndani, upande unaotazamana na feni, mahali ambapo jicho halifiki bila kuifungua feni. Puliza kwa blowa ukiwa umeishika feni isizunguke, futa pesti iliyokauka, paka mpya kidogo.

Kwa umeme, usijaribu kwa kubahatisha. Hamishia seva kwenye pawa saplai nyingine inayojulikana kuwa nzima, au kama zipo mbili, chomoa moja kwa zamu. `ipmitool sdr` itakuonyesha volti. UPS za bei nafuu hutoa wimbi lisilo laini likiwa kwenye betri, na baadhi ya pawa saplai za seva hazilivumilii. Dalili yake ni mashine kuzimika sekunde ileile umeme unapokatika, ilhali UPS ina chaji. Msimu wa radi, kuanzia Novemba, linda na kebo ya mtandao pia, maana radi hupita humo ikaua kadi ya mtandao nusu nusu, na kadi iliyoumia huzaa interapti zisizo na mwenyewe.

RAM ipime kwa memtest86+ usiku kucha. Kosa moja linatosha, hakuna kosa dogo hapa. Kwenye seva zenye ECC (RAM inayojisahihishia makosa) soma pia `/sys/devices/system/edac/mc/mc0/ce_count`, kwa sababu makosa yaliyosahihishwa yanaweza yasionekane kwenye memtest. Ikionekana mbovu, toa vipande, upime kimoja kimoja kwenye nafasi ileile, kisha kipande kizima kwenye kila nafasi. Ndipo utajua kama ni RAM, nafasi yake, au prosesa inayoihudumia.

Inaganda ikiwa haina kazi

Ikivumilia mzigo mchana kutwa halafu ikaganda usiku imepumzika, shuku usingizi wa prosesa. Washa kwa `processor.max_cstate=1`, na kwa Intel ongeza `intel_idle.max_cstate=1`. Kompyuta ndogo za kizazi cha Bay Trail zilijulikana kwa ugonjwa huu. Ryzen za mwanzo nazo zilikuwa nao, na kwenye BIOS nyingi za AMD kuna chaguo la Power Supply Idle Control: liweke Typical Current Idle. Sakinisha pia `intel-microcode` au `amd64-microcode`, maana makosa mengi ya prosesa hurekebishwa humo.

Saa ikikimbia au kurudi nyuma, na logi ikisema tsc (kihesabio cha muda ndani ya prosesa) si thabiti, soma `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`, kisha jaribu `clocksource=hpet`. Na kama kori ya kwanza imelemewa huku nyingine zimelala, fungua `/proc/interrupts`: kadi ya mtandao inayomwaga kila kitu CPU0 husaidiwa na `irqbalance`. Ujumbe wa `nobody cared` hutaja namba ya interapti. Itafute kwenye faili hilohilo, utajua ni kifaa kipi cha kuchomoa.

Kama vifaa viko safi

Basi ni programu. Anza na kerneli ya zamani kwenye Advanced options za GRUB. Ikitulia, izuie isibadilike kwa `apt-mark hold` mpaka toleo jipya lije. Kisha ondoa moduli za nje zilizoonyeshwa na herufi O au P, moja baada ya nyingine. Ukipeleka ripoti kwa watunzaji wa kerneli, tuma logi nzima tangu kuwashwa, matokeo ya `lscpu` na `uname -a`, na toleo la mwisho ambalo halikuwa na shida. Ripoti ya kuganda kwa kerneli yenye moduli ya kampuni huenda isishughulikiwe, hivyo urudie tatizo bila moduli hiyo kwanza.

Kwa FreeBSD mantiki ni ileile. Kwenye loader (programu inayoiwasha kerneli) andika `set kern.smp.disabled=1`, kisha `boot`. Kuzima kori moja tumia `hint.lapic.N.disabled=1`, N ikiwa namba ya APIC ya kori hiyo. Weka `dumpdev="AUTO"` kwenye /etc/rc.conf, na picha ya paniki utaikuta /var/crash.

Kori mbovu, na kipuri kiko Dar

Ukishathibitisha kori moja ni mbovu, seva inaweza kuendelea bila hiyo. Tafuta kwanza pacha wake: `cat /sys/devices/system/cpu/cpu5/topology/thread_siblings_list`. Ikijibu `5,13`, hizo ni nyuzi mbili za kori moja, na zote zizimwe. Tengeneza /etc/systemd/system/zima-kori.service:

`[Unit]`
`Description=Zima kori mbovu`
`[Service]`
`Type=oneshot`
`ExecStart=/bin/sh -c 'for n in 5 13; do echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu$n/online; done'`
`[Install]`
`WantedBy=multi-user.target`

Endesha `systemctl enable --now zima-kori`, kisha `cat /sys/devices/system/cpu/offline`. Lazima uone 5 na 13. CPU0 kwa kawaida haizimiki hivi, na kama iliyoumia ni kache ya pamoja au kidhibiti cha RAM, kuzima kori hakutasaidia: mce zitaendelea zikitaja benki (sehemu ya prosesa iliyoripoti kosa) ileile. Hapo prosesa nzima ibadilishwe. Kwenye mashine ya soketi mbili, agiza inayofanana na mwenzake kwa modeli na stepping (toleo dogo la modeli), namba utakazozikuta kwenye `lscpu`, na usasishe BIOS kabla ya kuifunga.